Siku Nane Chini ya Mawingu: Wilson hadi Lamu na Kurudi

Jumatatu, Nairobi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiwanja cha ndege cha Wilson, bawa la kushoto la ndege yetu ndogo lilikuwa limejaa matone, kama mgongo wa changu aliyetolewa majini sasa hivi. Nikalipangusa kwa kiganja, maji yakateremka hadi kiwikoni. Juu ya hanga, banda la kulazia ndege, hapakuwa na mbingu ya kutazama. Palikuwa na weupe mchafu uliolalia mapaa, na ghorofa za Lang'ata zilikatikia katikati kama zimepigwa msumeno. Njiani nilipokuwa nikija, korongo wa pale Uwanja wa Nyayo walikuwa wamejikunyata mitini, shingo ndani ya mabega. Korongo hupaa kwa joto linalopanda kutoka ardhini, na leo ardhi haikuwa na joto la kumpa mtu.

Hii ndiyo Nairobi ya Julai. Upepo wa kusi unatoka Bahari ya Hindi ukiwa umeshiba unyevu, unapanda mteremko wa nchi kutoka pwani hadi huku kwetu futi 5,500, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, mpaka mvuke unageuka wingu. Wingu hilo asubuhi haliendi popote. Lisubiri jua la saa sita liupashe udongo kidogo, ndipo linyanyuke na kupasuka. Siku nyingine halipasuki kabisa. Sisi watu wa pwani msimu huu twauita kipupwe, ingawa kipupwe cha Mombasa ni cha kujifunika leso, na cha Nairobi ni cha blanketi mbili.

Marubani wengi wa kujifurahisha huziacha ndege zao zikilala Julai na Agosti. Mimi nina leseni ya rubani binafsi mwaka wa sita huu, na kurasa ninazozipenda zaidi katika daftari langu ni za miezi hiyo. Nikapata likizo ya wiki moja, na nikapata na abiria.

Abiria ni mjomba wangu, ndugu wa mama, nahodha mstaafu wa Lamu. Alikuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho. La kulia limeshafanyiwa, la kushoto linangoja zamu. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani nilidhani atataka ndege kubwa ya abiria. Akaniuliza, "Na hiyo yenu ndogo, haifiki Lamu?" Inafika. Ni Cessna 172 ya mwaka 1978, tuliyochangiana watu watano, yenye matangi makubwa yanayoiweka hewani kwa karibu saa sita.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo twaenda?"

"Tungoje tuone."

Akavuta kiti, akakaa mlangoni mwa hanga, kikofia kichwani na koti langu la baridi mabegani. Mtu aliyengoja pepo miaka arubaini hahitaji kufundishwa kungoja.

Mimi nikaendelea na ukaguzi. Chini ya kila bawa kuna kidude cha kukamulia mafuta. Unakinga kichupa cha plastiki, unabonyeza, mafuta yanachuruzika. Petroli yetu hutiwa rangi ya samawati ili mtu asiichanganye na nyingine. Kichupa cha kwanza kilitoka na samawati nyepesi, na chini kabisa tone moja limekaa kama shanga. Nikakitikisa. Shanga ikakimbia huku na huku, haikuchanganyika. Maji hayo. Usiku wa baridi hewa iliyomo ndani ya tangi hutoa jasho, na jasho huzama kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, nalo huenda likakaa palepale bomba la kwendea injini linapoanzia. Nikamimina kwenye debe la mafuta machafu, nikakinga tena. Cha tatu ndicho kilichotoka safi.

Mjomba akakiomba kile kichupa. Akafumba jicho la kushoto, akatazama kwa la kulia. Kisha akabadilisha.

"Jicho hili laona samawati," akasema. "Hili la zamani laona kahawa."

Ripoti ya hali ya hewa ya saa nne ilisema mawingu yamefunika anga lote kwa futi 800. Rubani Mswahili hubeba saa tatu kichwani: saa nne ya asubuhi ni saa kumi kwa hesabu ya Kizungu, na kwenye ripoti imeandikwa saba, kwa kuwa dunia nzima ya ndege hufuata saa za Greenwich. Mtu anayeruka kwa macho yake, bila kibali cha kuruka kwa vipimo peke yake, anahitaji dari ya mawingu isiyopungua futi 1,500 na kuona mbele kilomita 5. Mimi ni wa macho. Basi tukanywa chai. Fundi akapita na mandazi, akasema, "Kapteni, leo hata kunguru wanatembea kwa miguu," akatuachia manne.

Saa nane mchana dari ikapanda hadi futi 1,800. Kwenda mbali muda ulikuwa umekwisha, lakini nikamchukua Mjomba tukazunguka uwanja mara nne, dakika thelathini na tano kwa jumla, ili azoee mlio na mkanda.

Hapa niseme kwa nini naipenda baridi hii. Wilson iko juu sana. Siku ya jua la Februari, joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyembamba hata ndege inadhani iko kwenye zaidi ya futi 8,000: injini inatweta, bawa linateleza, njia ya kurukia inakuwa fupi. Leo kwa nyuzi 14 ilijiona iko kama futi 6,500. Ikaondoka ardhini mapema, ikapanda kwa moyo. Na juu huko hapakuwa na mtikisiko hata mmoja, maana bila jua hakuna joto linalopanda na kuipiga ndege chini ya tumbo. Niliachia usukani kwa vidole viwili. Ndege ikaenda kama inavutwa kwa uzi.

"Bahari ya asubuhi," akasema Mjomba kwenye hedifoni. Hakusema kingine mpaka tukatua.

Jumanne, Wilson hadi Voi

Saa sita na robo tukaruka kutoka njia ya kurukia namba 14, dari futi 1,700, manyunyu yakitembea kwenye kioo cha mbele. Matone hayaanguki kwenye kioo cha ndege inayokwenda. Yanapanda. Yanaanzia chini kama ushanga, yanatambaa kwenda juu, yanapotelea kwenye paa. Ukitazama kwa makini unaona kila tone lina barabara yake.

Tulipita kusini, mbuga ya Nairobi ikiwa chini yetu, kijani kibichi kilichokolea kwa unyevu. Upande wa kulia vilima vya Ngong havikuwepo, vimemezwa. Kushoto Lukenya ulikuwa umebaki kiuno tu, na mimi huo ndio ukuta wangu wa kuangalia: kilima kilichofichwa kichwa ni hatari kuliko kilima kirefu kinachoonekana. Nikaweka reli mpya, ile ya mwaka 2017, upande wa dirisha langu, nikaifuata. Tuta lake limeinuka, limenyooka, halifichwi na kichaka. Mjomba akaiangalia kwa muda mrefu. "Reli haitelezi," akasema. Aliyekaa na mabaharia anajua jahazi kulemewa na mkondo ni nini. Sisi tunasema ndege inasukumwa pembeni na upepo, na kweli reli ilinionyesha kwamba kusi ilikuwa inatusogeza kulia kwenda kaskazini nilipodhani tunakwenda sawa. Hapana: kushoto. Tulikuwa tunaelekea kusini mashariki, upepo ukitujia karibu usoni na kidogo bega la kulia, kwa hiyo ilitupeleka kushoto. Nimeyaandika vile nilivyofikiri kule kule, kwanza kwa kukosea, kwa sababu ndivyo reli inavyomsaidia mtu: inakataa anachodhani.

Jambo zuri kuliko yote katika njia hii halionekani kwenye picha. Dari ya mawingu inabaki karibu mahali pale pale, futi 7,000 na ushei kutoka usawa wa bahari, na nchi inazidi kushuka. Nairobi ulikuwa na kichumba cha futi 1,700. Ukipita Sultan Hamud chumba kimekuwa sebule. Ukifika Mtito Andei ni kama msikiti mkuu. Hukupanda hata kidogo, ila mbingu imeinuka juu ya kichwa chako.

Karibu na Emali, Mjomba akaniwahi.

"Mashine imebadilisha sauti."

Mimi nilikuwa natazama ramani. Nikaangalia saa ya injini: mizunguko 2,250 kwa dakika, na niliiacha 2,400. Mkono wangu haukuwa umegusa throto, kitasa cha nguvu za injini. Hii ni barafu ya kabureta, pale hewa na petroli zinapochanganyika, na watu hawaamini ukiwaambia kwamba barafu inaweza kuota ndani ya injini nchini Ukambani, nje kukiwa na nyuzi 17. Petroli inapogeuka mvuke, na hewa inapopenya kwenye koo jembamba la kabureta, joto hushuka ghafla nyuzi ishirini na zaidi. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, kama hii yetu, unyevu huo hugandia kooni kidogo kidogo na kuinyima injini pumzi.

Nikavuta kitasa cha kupeleka hewa moto kwenye kabureta. Kwanza ikawa mbaya zaidi: mizunguko ikashuka hadi 2,100, injini ikakohoa mara mbili, maana barafu iliyoyeyuka ni maji na inayanywa. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika kumi na tisa mlio ukanyooka, ukapanda. Tangu hapo hadi Voi nilikivuta kitasa kile kila baada ya dakika kumi.

"Umesikiaje, Mjomba?"

"Jahazi langu la mwisho lilikuwa na mashine. Usiku baharini husikii kitu kingine."

Baada ya Kibwezi wingu likaanza kukatika vipande. Vilima vya Chyulu vilikuwa vimevaa kofia nzito. Ng'ambo ya pili uwanda wa Yatta ulijinyoosha kama meza, kijito cha lava iliyoganda chenye urefu wa karibu kilomita 300. Voi tulitua saa nane kasoro, uwanja mwekundu wenye harufu ya udongo uliolowa.

Hapa Voi, Mei 1931, ndipo ndege ndogo ya Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, ilipoanguka mara tu baada ya kuruka. Watu hulitaja kaburi lake la Ngong. Ndani ya ndege ile alikuwamo pia msaidizi wake Mkikuyu, Kamau, naye alikufa palepale. Nikamsomea Fatiha moyoni nikiwa nafunga kamba za mabawa. Hakuwa wa dini yangu, lakini alikufa kwenye kiti ambacho leo amekaa mjomba wangu.

Jumatano, Voi hadi Malindi

Asubuhi mvua nyepesi, isiyo na haraka. Vilima vya Taita hakuna. Sagalla hakuna. Tukala chapati na maharagwe kibandani kando ya barabara ya Mombasa, malori yakipita na kurusha tope. Saa tano mvua ikachoka.

Leo ilikuwa safari ya mto. Kutoka Voi tukaelekea kaskazini mashariki mpaka tukaukuta Galana, kisha tukaufuata kwenda baharini. Mto huu una majina matatu na maji yale yale: huanza na vijito vya Nairobi na Kiambu, unaitwa Athi, ukipokea mto Tsavo unaitwa Galana, karibu na pwani unaitwa Sabaki. Sehemu ya maji yaliyokuwa chini yetu ilipita karibu na hanga yetu siku chache nyuma, ikiwa mvua ya Ngong.

Kwa siku ya jua Tsavo ya saa sita ni kama kupanda punda mkorofi. Leo tulikaa futi 1,500 juu ya nyika, kimya. Mwanga wa mawingu hauna vivuli, na pasipo vivuli rangi zinatoka zenyewe. Udongo mwekundu uliolowa unakuwa rangi ya ini. Miti ya kando ya mto inakuwa kijani mara tatu tofauti. Ndovu walikuwa kumi na wanne kwenye mchanga wa mto, wekundu kwa udongo wanaojimwagia, isipokuwa mgongoni, ambako mvua ilikuwa imewaosha wakabaki na rangi yao ya kijivu. Mjomba ndiye aliyeyaona hayo, kwa jicho la kulia. Akaniambia ni mara ya kwanza kumuona ndovu, umri wake miaka sabini na tatu.

Kisha akaniuliza jambo ambalo limekaa nami safari nzima. "Hayo mawingu wayaitaje nyie?" Nikampa majina tunayosomeshwa, ya Kilatini. Akasema sivyo alivyokusudia. "Lile pale ni kijivu cha jivu, lina mvua iliyokwisha. Lile la nyuma yake ni kijivu cha risasi, lina mvua inayokuja. Na huku kushoto ni kijivu cha ndani ya chaza, hakina kitu, pita." Nikapita kushoto. Hakikuwa na kitu.

Malindi tulitua dhidi ya kusi, upepo ukituzuia usoni hata ndege ikagusa chini kwa mwendo wa baiskeli. Kaskazini ya mji, mdomo wa Sabaki ulikuwa umemwaga wekundu wake baharini, na mpaka kati ya maji mekundu na ya kijani ulikuwa mkali kama pindo la kanga. Mafuta niliyokuwa nimeyaagiza kwa simu yalikuwa tayari.

Alhamisi, Malindi hadi Lamu

Tuliruka mara mbili leo.

Mara ya kwanza saa tatu na nusu. Mvua za mchoo zilikuwa zinatoka baharini kwa vikosi, kikosi kimoja, nafasi, kikosi kingine. Tulipita Mambrui tukiwa na nafasi nzuri. Karibu na Ngomeni nafasi ikajifunga. Mbele yetu pazia likashuka kutoka wingu hadi maji, na kando ya pazia, kwa mbali, ile milingoti ya chuma iliyosimama baharini ikaonekana kwa sekunde chache na kumezwa. Ni majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani iliruka kutoka pale, ikapewa jina Uhuru. Wao walirusha kitu hadi nje ya dunia kutoka mahali ambapo mimi siku hii nilikataa kupita. Nikageuza. Dakika thelathini tangu kuruka tulikuwa tena Malindi, tukinywa maji ya dafu chini ya mwembe.

Mjomba hakuuliza kwa nini. Akasema tu, "Kijivu cha risasi."

"Ndiyo, Mjomba."

Mara ya pili saa sita. Vikosi vilikuwa vimetawanyika, na kati yao anga lilikuwa limeoshwa hata unaona mbali kuliko siku yoyote ya kaskazi. Nikapanda hadi futi 4,500, juu ya vijiwingu vya chini, na hapo jua likatoka upande wetu wa kushoto kwa muda mfupi. Kivuli chetu kikaangukia wingu lililokuwa chini kulia: kindege kidogo, mabawa yake na mkia, na kukizunguka pete ya rangi, nyekundu nje, samawati ndani. Pete ikaruka nasi kutoka wingu hadi wingu. Ikifika penye nafasi inapotea, ikipata wingu inarudi. Huletwa na matone madogo mno ya wingu yanayourudisha mwanga kuelekea ulikotoka, na ndiyo maana katikati ya pete siku zote ni wewe mwenyewe unayetazama.

Mjomba akafumba jicho moja, kisha jingine. Nikamsikia anavuta pumzi kwenye hedifoni.

"La kushoto halioni pete," akasema. "Laona kivuli tu." Akalifunika kabisa kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka mawingu yalipokwisha juu ya delta ya Tana.

Ghuba ya Ungwana, Kipini, kisha mikoko, mikoko, mikoko. Kwenye kiwanja cha kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, kusi ilikuwa inapiga kwa vishindo. Nilitua bawa la upande wa upepo likiwa limeinama, tairi moja kwanza, ya pili ikafuata, ya mbele mwisho. Kwenye gati, boti ya kuvuka kwenda mjini ilikuwa inangoja, na nahodha wake alipomuona Mjomba akasimama.

Ijumaa, Lamu

Mvua toka alfajiri. Ndege imefungwa kwa kamba sita. Mahamri na mbaazi kwa shangazi, sala ya Ijumaa, kisha watu wakaja kumwona Mjomba na jicho lake. Kila aliyeingia alielezwa habari ya ile pete. Kwa saa tatu nilisikia safari yangu ikisimuliwa na mtu anayejua kusimulia safari, na nikagundua nilikuwa nimesahau nusu yake.

Jumamosi, Lamu hadi Voi

Peke yangu. Malindi kwa mafuta, Voi kwa usiku. Kusi usoni hadi Malindi, ubavuni hadi Voi, anga la kijivu cha chaza, hakuna la kuandika isipokuwa kwamba kiti cha kulia kikiwa tupu ndege inapanda upesi zaidi, na mimi sikulifurahia hilo.

Jumapili, Voi hadi Voi

Kurudi ni kinyume cha kwenda. Kwenda, nchi inashuka na chumba kinapanuka. Kurudi, nchi inapanda kukutana na wingu, na kila kilomita unayopita inakula nafasi yako polepole hata usiihisi. Ndiyo maana kabla ya kuwasha injini niliandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyo gotini: FUTI 1,000 GEUZA. Kati ya ardhi na wingu ikibaki futi elfu moja, sijadili, nageuza.

Mtito Andei, futi 3,000 na zaidi. Kibwezi, 2,200. Makindu, 1,500, na manyunyu yameanza. Reli iko palepale dirishani. Nairobi walikuwa wanaripoti 1,500 na inapanda, na nikajua kwamba nikipenya kipande hiki cha katikati huko mbele ni kuzuri. Hiki ndicho kishawishi chenyewe. Kilomita kumi mbele ya Makindu wingu lilikuwa limelegea, limetoa ndimi nyeupe zinazoning'inia, na kati ya ndimi mbili kulikuwa na mwanga.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vipimo peke yake. Wakaondolewa macho ya nje, kama walioingia wingoni. Wote ishirini walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Si uzembe. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalotuambia tumesimama wima, halijui kutofautisha ndege iliyonyooka na ndege inayogeuka taratibu kwa mwendo mmoja. Likikosa upeo wa macho wa kulisahihisha, linaapa kwamba umenyooka huku unazunguka kuelekea chini.

Nikakumbuka swali la Mjomba. Kijivu gani? Nikautazama ule mwanga kati ya ndimi mbili. Haukuwa wa chaza. Ulikuwa mweupe wa maziwa, hauna kina, hauna nyuma. Kijivu cha jivu kina umbo, cha risasi kina ukingo, hiki hakikuwa na kitu cha jicho kushika. Kwa altimita, kipimo cha urefu, na kwa ramani, bado nilikuwa na futi 1,100. Sikusubiri zile mia. Nikalaza bawa kidogo, nikageuka kulia mbali na Chyulu, taratibu, macho kwenye reli mpaka ilipohamia dirisha la pili.

Saa moja na nusu hewani, na nikatua palepale nilipoondokea. Mwenye kibanda cha chapati akasema, "Umerudi, dada?" Nikasema nimerudi. Alasiri yote mvua ilinyesha juu ya mabati yake, na mimi nilikuwa na furaha kamili, miguu juu ya begi, nikisikiliza.

Jumatatu, Voi hadi Wilson

Saa tano na nusu nikaruka. Makindu leo futi 2,500. Emali 1,900, na kitasa cha hewa moto kila dakika kumi bila kungoja mtu aniambie sauti imebadilika. Juu ya nyanda za Athi dari ikasimama kwenye 1,700 na kukaa hapo, sawasawa kama imepigwa pima maji. Lukenya ulinionyesha kichwa chote. Mnara ukanipa njia ya 14, nikaja chini ya wingu, mbuga kushoto, twiga wawili wamesimama kwenye manyunyu bila kujali, na matairi yakagusa lami iliyolowa kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa.

Fundi alikuja na kopo. Tukakinga mafuta pamoja. Samawati, safi, bila shanga.

Nikampigia Mjomba nikiwa bado nimeegemea bawa, mtandio umelowa, alama ya hedifoni ikiniuma kichwani.

"Umefika?"

"Nimefika salama, Mjomba."

"Huko anga likoje?"

"Kijivu."

"Kijivu gani, mwanangu?"

Nikageuka kutazama. Upande wa Ngong kulikuwa na cha jivu, kinaondoka. Juu ya mji, cha chaza. Na kusini mashariki, kule nilikotoka, kilikuwa kimoja ambacho hatukukipa jina, chenye wekundu kidogo chini yake, kama sufuria ya shaba iliyosahaulika mvuani. Nikaanza kumweleza.